Masharti ya Nyonga Mpya

Lodwar, Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Daftari hili nimepewa na Nangiro, yule dada wa mazoezi hospitalini. Ameniagiza niandike kila siku nimepiga hatua ngapi na maumivu yamefika wapi. Hatua nitaziandika kuanzia mbele, kama alivyotaka. Huku nyuma nitaandika mengine, ambayo hayamhusu yeye wala mtu yeyote.

Mimi ni Nawoi, mke wa kwanza wa Lomunokol. Boma letu liko nje ya Kakuma, ng'ambo ya mto Tarach. Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika zahanati ya misheni, nikaanza na ufagio nikamaliza na kugawa dawa, na masista ndio walionifundisha kusoma. Mwezi wa Agosti nilianguka kutoka nyuma ya lori la mbuzi, nyonga ya kushoto ikavunjika na haikutaka kuunga. Tarehe sita mwezi huu daktari mgeni, aliyekuja kwa wiki mbili tu, alinitoa mfupa akaniwekea chuma. Sasa nimepangiwa chumba karibu na hospitali, kwa kuwa nyumbani ni mbali na njia ni mbaya.

Anayeniuguza ni Akuwam, mke mwenzangu. Lomunokol ndiye aliyemtuma. Mimi sikuulizwa.

21 Oktoba

Hatua kumi na nne kwa magongo. Jasho kama niliyechimba kisima.

23 Oktoba

Leo nimesoma karatasi ya masharti kwa utulivu. Imeandikwa Kiingereza na kupigwa muhuri mwekundu. Nisikae juu ya kitu kilicho chini ya goti. Nisikunje mguu mmoja juu ya mwingine. Nisiiname, nisichuchumae, nisitambae. Nilale na mto katikati ya miguu. Wiki kumi na mbili nzima, la sivyo chuma kitachomoka.

Akuwam hajui kusoma. Aliketi sakafuni mbele yangu, miguu ameinyoosha, akanisikiliza nikimtafsiria sharti baada ya sharti. Aliitikia kila moja kwa kichwa. Karatasi ilipofika mwisho, mimi niliendelea. Nilimwambia imeandikwa kwamba anayeuguza asimwache mgonjwa zaidi ya muda wa kuchemsha chai. Kwamba alale mlangoni, kwa kukinga mlango. Kwamba aonje chakula cha mgonjwa kwanza, kwa ajili ya chumvi.

Aliuliza, "Hiyo ya chumvi pia daktari ameandika?"

Nikamwonyesha muhuri.

Najua ni dhambi. Lakini huyu ni mwanamke wa miaka thelathini, mwenye magoti mazima, amekaa chumba kimoja na mimi nisiyeweza kuokota hata kijiko. Na nikiondoka mimi, mke mkubwa ni yeye. Nani asingeongeza sharti moja au mawili?

26 Oktoba

Sukari imeshuka. Hakuna panya anayekula sukari na kufunika kopo.

30 Oktoba

Hatua arobaini, mpaka mlango wa choo na kurudi. Humo nimewekewa kiti kilichotobolewa katikati, kilichoundwa na fundi wa hospitali. Akuwam hukibeba, hukisafisha, hukirudisha. Asubuhi ananivalisha soksi, maana mguu wangu mwenyewe sasa uko mbali kuliko Nairobi. Ananiosha mgongo, ananiosha na pale mtu asipopenda kuoshwa na mke mwenzake. Hasemi neno. Kwao ni Longech, kando ya ziwa. Watu wa ziwa hula samaki wao na kunyamaza, na mtu anayenyamaza sana ana jambo.

Kitu kingine. Siku hizi ananisemesha Kiswahili, si Kiturkana. Alijifunza kambini Kakuma akiuza kuni kwa wakimbizi, na sasa ndicho anachotaka.

"Mama, leo wewe natembea vizuri kidogo," anasema.

Nimemuuliza kwa nini asizungumze kama mtu wa nyumbani. Akasema lugha ikikaa bure inapotea. Sasa mimi najiuliza anaitunza kwa ajili ya nani.

2 Novemba

Jumapili. Padri ameniletea komunyo. Akuwam alimpokea vizuri mno.

5 Novemba

Nimejua anaitunza kwa ajili ya nani.

Kiti changu cha kukalia kimewekwa juu ya matofali, kwa sababu ya sharti la goti. Wageni wote wakija hukaa chini kwenye mkeka, mimi nabaki juu kama hakimu. Kumbe ukikaa juu dirishani unaona mpaka ua wa hospitali. Leo saa tisa nimemwona Akuwam amesimama kwenye ule ua na mwanamume mrefu, mweusi tititi, wa wale Wadinka wa kambini. Yeye anazungumza, Akuwam anasikiliza ameinamisha kichwa. Chai ilikuwa imechemka zamani.

Aliporudi nikamuuliza yule ni nani.

"Ni Atem. Mwalimu ya shule ya kambi. Ndugu yake amelala wadi, mguu imeoza."

"Na wewe na mguu wa ndugu yake mna nini?"

"Namsalimia tu, mama. Mtu akisema ejok, hujibu?"

Nikamkumbusha kuhusu muda wa kuchemsha chai. Akasema moto ulikuwa mdogo.

8 Novemba

Mvua. Redioni wanaiita El Nino. Mto Turkwel umejaa mpaka watu wanakwenda kuitazama.

12 Novemba

Lomunokol amekuja, amelowa mpaka kofia. Amesafiri siku mbili kwa sababu ya mito. Alinitazama nikitembea na magongo akasema chuma kimeingia vizuri, kana kwamba amenunua jembe. Hata hivyo nilifurahi kumwona, siwezi kukana.

Kisha akatoa yaliyomleta. Mvua imebomoa nyumba yangu upande wa nyuma. Akasema, "Akuwam akirudi ataijenga. Wewe usijisumbue."

Alisema kwa sauti ya kawaida, mdomo umejaa ugali. Mwanamume hawezi kujua alichosema. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mimi mwenyewe nilizikata fito zile, nikazikunja, nikazifunga, nikafunika kwa majani ya mkoma na ngozi, mara saba katika maisha yangu tulipohama. Nyumba yangu iko kuume kwa lango kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Mikono ya mwingine ikiijenga, yule mwingine ndiye mwenye nyumba, na mimi ni mgeni ninayelala humo kwa hisani.

Nilimtazama Akuwam. Alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

13 Novemba

Sikulala vizuri. Hatua sifuri. Nitamwandikia Nangiro thelathini.

18 Novemba

Karatasi ya masharti imeguswa. Mimi huikunja mara tatu na kuiweka chini ya godoro upande wa ukutani. Leo imekunjwa mara nne na inanuka tumbaku. Katika chumba hiki hakuna anayevuta tumbaku.

Nimefikiri sana. Asiyejua kusoma anataka nini na karatasi? Nahisi alitaka kuichoma moto, akaogopa muhuri. Au Lomunokol aliiomba aone kama nimekuwa kilema wa kudumu, apate sababu. Nimeihamisha ndani ya Biblia, Kitabu cha Hesabu, ambako hakuna mtu anayefungua.

21 Novemba

Anaonja chakula mbele yangu kila siku, kijiko kimoja, bila kulalamika. Leo alionja akasema, "Chumvi iko sawa. Sumu pia hakuna."

Kisha akacheka peke yake. Sikuona cha kuchekesha.

27 Novemba

Nangiro ameniambia ninaendelea vizuri lakini nikae Lodwar mpaka mwisho wa Desemba. "Mama Nawoi, hiyo nyonga bado ni mtoto mchanga. Hakuna kuinama, hakuna kitu chini. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Akuwam alikuwa nyuma yangu ameshika magongo. Alimuuliza Nangiro, "Sista, akiinama kinatoka?"

"Kinatoka. Na akikitoa, mimi simjui."

Sijapenda alivyouliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

1 Desemba

Mchunga mbuzi mmoja wa kwetu amepita. Anasema ameona fito mpya zimekatwa, zimelazwa karibu na nyumba yangu. Nani amezikata? Eti dada yake Akuwam, aliyekuja kutoka Longech kuwatunza watoto wawili ambao Akuwam aliwaacha.

Narudi nyumbani. Nangiro aseme atakalo.

Kakuma, 6 Desemba

Gari la misheni lilitubeba, mimi nimeketi mbele juu ya mito mitatu. Tulisubiri Tarach ipungue kwa saa nne. Watoto wa boma walinipokea kwa kelele. Mkubwa wa Akuwam, msichana wa miaka sita, alitaka kugusa chuma.

Nyumba yangu ipo. Upande wa nyuma umelala, lakini mbele imesimama, na fito mpya kweli zimelazwa hapo, zimepangwa vizuri. Nyumba ya Akuwam imefunikwa turubai jipya kutoka kambini, halivuji hata tone.

Sasa nimepata kuelewa vizuri nilivyokatwa. Mlango wa nyumba zetu unafika kiunoni. Kila mtu, hata mzee, huingia kwa magoti na mikono. Miaka arobaini nimeingia hivyo bila kufikiri. Leo nimesimama nje ya mlango wangu na magongo mawili, nikaangalia lile giza la ndani, nikalia. Nimewekewa kitanda kirefu chini ya kibanda cha kivuli, pale wanapokaa wageni.

9 Desemba

Nikitaka kitu, Akuwam huingia na kunitolea. Shuka. Sufuria. Rozari. Kila kilicho changu sasa kinapita mikononi mwake. Nimemwomba sanduku langu la bati lenye cheti cha zahanati na shanga za mama yangu. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka mikono mitupu.

"Sanduku imeshikwa na ukuta. Nikivuta, nyumba inaanguka. Ngoja nijenge kwanza."

"Hutajenga."

"Basi mvua itajenga."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza amenijibu hivyo.

11 Desemba

Mvua. Hatua ishirini, tope tupu.

14 Desemba

Lomunokol amepeleka ngamia juu, mbali na maji. Tumebaki wanawake na watoto. Asubuhi nilimwona Akuwam akipima nyumba yangu kwa kamba, akaenda akapima fito. Alipoona namtazama akaweka kamba kifuani.

Lodwar, hospitali, 22 Desemba

Nimelala chali. Mguu umefungwa na kuning'inizwa jiwe la kilo tano mwisho wa kitanda. Naandika daftari likiwa juu ya tumbo, kwa hiyo mwandiko ni mbaya. Lakini yaliyotokea lazima niyaweke mahali, maana yananikaba.

Jumanne tarehe kumi na sita, baada ya chakula cha mchana, mawingu yalikuja kutoka upande wa Uganda yakiwa meusi kabisa. Nikajua nyumba haitavuka mvua ile. Nikafikiria sanduku. Kwa kweli nilifikiria zaidi kuwa Akuwam atasubiri nyumba ianguke, ajenge yake juu ya kifusi changu, na sanduku atalipata yeye. Nikamwita.

Nikamwambia, "Leo ni wiki ya kumi. Karatasi inasema wiki ya kumi mtu anaweza kuinama kidogo."

Aliacha alichokuwa akifanya. Alinitazama muda mrefu, mpaka matone ya kwanza yakaanza kupiga turubai lake.

"Karatasi imesema?"

"Imesema."

"Wewe mwenyewe umesoma?"

"Nani mwingine hapa anajua kusoma? Nisaidie kushuka."

Akasema, "Haya. Ingia, mama."

Alinishika kwapani akanishusha mpaka nikapiga magoti. Maumivu yalikuwepo, lakini nilipotia kichwa ndani na kunusa nyumba yangu, moshi na ngozi na mafuta, nilisahau. Nilitambaa. Mkono, goti, mkono. Nikaliona sanduku. Nikanyoosha mkono, nikajipinda kidogo ili nilifikie, na hapo nikasikia sauti ndani ya mwili wangu, mlio mmoja mzito. Kisha nikajisikia nikipiga kelele.

Mguu uligeuka ndani, ukawa mfupi, si wangu. Akuwam aliingia nyuma yangu. Alijaribu kunivuta, nikamuuma mkono, nakumbuka ladha yake. Mlango haungeweza kunipitisha nikiwa nimenyooka, na mimi nisingeweza kukunjwa tena. Mvua ilikuwa imeanza kweli sasa, maji yanaingia upande ule ulioanguka, na mgongo wangu uko kwenye maji.

Akatoka. Nikasema moyoni, ameondoka, amepata alichotaka. Kisha nikaona mwanga juu yangu. Alikuwa anabomoa nyumba. Alikata kamba kwa panga, akang'oa ngozi, akang'oa fito moja moja kwa mikono, na dada yake upande wa pili. Miaka yote ile ya kujenga, na kubomoa hakukuchukua muda wa kuchemsha chai. Nikabaki nimelala katikati ya uwanja, mvua inanipiga usoni, na nyumba yangu haipo.

Tarach ilikuwa imefurika. Tulingoja mpaka kesho yake asubuhi chini ya turubai lake. Aliushika mguu wangu mapajani mwake saa zote zile ili usicheze, hakuinuka hata mtoto wake mdogo alipolia. Asubuhi wanaume wanane walinibeba juu ya kitanda, maji kifuani mwao, mpaka hospitali ya kambi, na siku iliyofuata ndege ndogo ya msaada ikanileta hapa. Walinilaza usingizi wakarudisha chuma mahali pake. Nitakaa na jiwe hili wiki tatu, kisha miezi mitatu ianze upya.

Akuwam amekuja nami.

27 Desemba

Lomunokol amefika, na Nangiro alikuwa akimngoja. Walisimama miguuni pangu. Mimi nilifumba macho.

Nangiro alikuwa na hasira. "Nani alimwachilia atambae? Nilisema hapa mbele ya huyu mama kwamba hakuna kuinama. Wewe si uliniuliza mwenyewe?"

Akuwam akasema, "Mama alisoma karatasi. Alisema wiki ya kumi inaruhusu."

"Karatasi gani?" Nangiro aliichukua kutoka kwenye Biblia yangu. Ikasomwa yote. Hakuna wiki ya kumi. Wala hakuna mengine, lakini hayo hakuna aliyeyauliza.

Nikasikia Lomunokol akihema. Aliongea polepole, Kiturkana, kwa sauti ile anayotumia kwenye kikao cha wazee. Alisema mwanamke aliyemsukuma mwenzake ndani ya nyumba inayoanguka ili aikalie nafasi yake hawezi kubaki bomani. Mwezi wa kwanza ukiisha, ndugu zake wa Longech waje wamchukue. Watoto wawili watabaki, ni wa boma.

Akuwam hakulia. Alisema tu, "Muulize akiamka."

Nilikuwa macho. Nilihesabu pumzi zangu mpaka wakatoka.

29 Desemba

Watu wote wamekwenda kupiga kura. Wadi iko kimya. Akuwam amenigeuza mara nne ili mgongo usitoke vidonda.

31 Desemba

Lomunokol ameniuliza, tukiwa wawili, ilikuwaje. Nikasema sikumbuki, dawa ya usingizi.

1 Januari 1998

Mwaka mpya. Sina la kuandika.

4 Januari

Uongo niliouandika humu nimeusoma wote leo, tangu mwanzo. Chumvi, mlango, chai. Nilijiona nina akili wakati ule. Nilimshuku mtu kwa sababu ya sukari, kumbe mwizi ndiye anayeshika kalamu. Wale watoto wawili wataitwa wangu. Yule msichana atanigusa chuma akiuliza mama yake yuko wapi.

Nina nafasi ninayoitaka, nimepewa bure. Nikinyamaza wiki nne tu, nitakuwa mke pekee bomani. Naogopa jinsi ninavyoweza kunyamaza.

8 Januari

Nimesema. Nilimwita Lomunokol, nikamwita na Nangiro ili asije mmoja akayasahau nitakayosema. Nikasema karatasi haikuandika wiki ya kumi, niliandika mimi kwa mdomo wangu. Kwamba Akuwam hajui kusoma, aliniamini, na mwenye kosa ni huyu aliyelala hapa.

Nangiro aliweka mkono kichwani. Lomunokol akasema kwa sauti ndogo, "Ningemfukuza mama wa watoto wangu." Akatoka akasimama nje, mvua au hakuna mvua.

Akuwam alikuwa mlangoni ameshika beseni. Alisikia kila neno.

9 Januari

Leo asubuhi tulibaki wawili. Alikuwa ananiosha uso. Nikamwambia nisamehe, nilikudanganya. Akaendelea kuosha.

"Na ile ya kuonja chakula?"

"Hiyo pia."

"Na ya kulala mlangoni."

"Hiyo pia. Na ya chai."

Akakamua kitambaa, akakikunja, akakiweka ukingoni mwa beseni. Kisha akaacha Kiswahili chake, akazungumza Kiturkana, jambo ambalo hajanifanyia tangu Oktoba.

"Najua. Atem alinisomea. Ile karatasi yote, mara mbili, pale uani."

Nilifikiri sijasikia sawasawa. Aliendelea, macho yake kwenye beseni.

"Nilijua tangu mwezi wa kumi na moja. Nikaonja chakula chako kila siku nikijua. Nikasema moyoni, acha nione atafika wapi, labda kesho ataona aibu. Hukuona. Ulipokuja kwenye mlango ukaniambia wiki ya kumi, nilijua hakuna wiki ya kumi. Nilijua inaruhusu nini na inakataza nini kuliko wewe. Nikasema, haya, anataka kuingia, aingie."

"Ulitaka nivunjike?"

Alifikiri. Angeweza kusema hapana upesi, kama mtu yeyote angefanya, lakini alifikiri kwanza.

"Pale mlangoni, ndiyo. Ulipolia, hapana."

Nesi aliingia na dawa, akapima joto, akatoka. Miezi mitatu nimemshuku kwa kila jambo, kwa sukari, kwa mwanamume, kwa fito, na katika yote hayo nilikosea. Hili moja sikulishuku, na ndilo lililokuwa kweli.

"Fito zilikuwa za nini?" nikamuuliza.

"Mlango mrefu. Atem alisema huwezi kuinama mpaka Januari. Ulikataa nisijenge."

12 Januari

Sijamwambia Lomunokol yale ya tarehe tisa. Sitamwambia. Nimejiuliza kama nanyamaza kwa wema au kwa kuwa sasa kila mmoja wetu ameshika panga la mwenzake.

14 Januari

Jiwe limetolewa. Mguu umelala kitandani mwembamba, una ngozi ya mzee. Nangiro amekuja na karatasi mpya. Wiki kumi na mbili, tangu leo. Safari hii ameisoma yeye mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiturkana, mbele ya sisi sote, akinitazama mimi kila alipomaliza sharti.

Lomunokol akasema nitahitaji mtu wa kukaa nami Lodwar tena. Ametaja binti wa dada yake, msichana mwenye adabu, amesoma hadi darasa la saba, hana ugomvi na mtu. Akuwam aende nyumbani kwa watoto wake, apumzike. Lilikuwa jambo la busara, na Akuwam alikuwa tayari ameanza kukunja nguo zake.

Nikasema, "Abaki Akuwam. Watoto waletwe."

Lomunokol akatushangaa wote wawili, akaenda kutafuta gari.

Akuwam alisimama na nguo mkononi. "Kwa nini mimi? Baada ya yote?"

"Yule msichana simjui," nikamwambia. "Itabidi nimshuku kuanzia mwanzo. Wewe nimekumaliza."

Hakucheka. Aliweka nguo chini, akaja upande wangu wa kushoto, akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wangu na mwingine chini ya goti.

"Shika shingo," akasema. "Usijipinde."

Nikashika.